Shimano au SRAM? Baiskeli ya binti yangu na mlima wa Uru

Saa mbili kasoro robo usiku, binti yangu alikuwa hajafika nyumbani.

Ilikuwa mwezi wa nne na masika yalikuwa yameshika. Kwetu Uru, chini kidogo ya Materuni, mvua hizo zikianza giza linaingia kihambani mapema kuliko barabarani, kwa sababu ya migomba. Nilikuwa nimesimama kwenye njia ya kuingilia kwetu na tochi ya simu mkononi. Nilikuwa nimeshawapigia wazazi watatu, na nimeshamtuma mdogo wake dukani kuulizia. Baba yao alikuwa safarini Dodoma. Mama mkwe alikuwa jikoni anasali kwa sauti, na kila alipopandisha sauti mimi nilizidi kutetemeka.

Kisha nikamwona. Hakuwa amepanda baiskeli, wala hakuwa anaisukuma. Alikuwa ameibeba begani.

"Mama, gurudumu la nyuma limegoma," alisema kabla sijamuuliza chochote.

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilimfokea. Kwa nini hakuiacha kwa watu, kwa nini hakuazima simu, kwa nini hakupanda bodaboda ikaja kulipwa nyumbani. Alikuwa analia kimyakimya, matope hadi magotini, na bega lina alama nyekundu pale fremu ilipokaa.

"Nisingeweza kuiacha," akasema. "Ni ya mjomba."

Baiskeli hiyo alituletea mdogo wangu anayefanya kazi Ujerumani, alipokuja likizo ya Desemba. Wazazi wa milimani mtaelewa kwa nini nilimshukuru hadi machozi yakanitoka. Binti yuko kidato cha pili, shule ya kutwa mjini Moshi. Asubuhi Noah zinajaa watu wazima na wanafunzi wanaachwa. Bodaboda ya kwenda na kurudi siku zote za shule ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya ninachopata kwenye cherehani yangu, achilia mbali mawazo ya mtoto wa kike kutoka na dereva alfajiri kila siku. Mjini uko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, na hadi kwetu unapanda mita nyingine zaidi ya 500. Kushuka asubuhi ni breki tu. Kurudi jioni ndiko kwenye kazi.

Na baiskeli hiyo ilikuwa inapanda. Nyuma ilikuwa na duara 12 za meno zilizopangana, kubwa kuliko zote lina meno 50, upana wake unakaribia sahani ya kulia wali. Mbele lilikuwepo moja tu, la meno 32. Karibu kila kipande cha gia kimeandikwa SRAM. Mimi sikujua SRAM ni nini. Nilichoona ni mtoto anamaliza kilima cha mwisho, kile ambacho hata bodaboda zinanguruma, akiwa amekaa kwenye siti na bado ana pumzi ya kunisimulia mambo ya shule.

Siku ile ya masika, matope na majani yaliingia kwenye kile kimkono cha chuma kinachoning'inia nyuma na kuhamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine. Nitakiita mkono wa gia. Cheni ilikwama. Yeye, kwa kuwa alikuwa katikati ya kilima, akakanyaga kwa nguvu zaidi. Mkono ukapinda, ukaingia kwenye spoki, ukavunjika. Spoki mbili zikakatika na gurudumu likajifunga. Karibu kilomita nne zilizobaki alizipanda kwa miguu na baiskeli begani.

Kesho yake, Jumamosi, niliipeleka kwa fundi wetu wa njiapanda. Ni kijana mwenye adabu, ameshatuzibia hata beseni lililotoboka. Akaniamkia, akaipindua baiskeli, akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, spea ya hii sina. Na mjini nina wasiwasi kama utaipata. Hii ni SRAM ya gia 12. Sisi huku tunacheza na Shimano za sita, saba, nane."

Nikamuuliza kama hizo Shimano haziwezi kufungwa hapo. Akasema kufungwa zinafungwa, ila hazitaelewana na swichi ya kwenye usukani, cheni inaweza kuruka. Nikamuuliza bei. Mkono wa Shimano wa mtumba, kunyoosha kile kipande kinachoshikilia mkono kwenye fremu, spoki mbili na ufundi, vyote 35,000. Nikamwambia afunge.

Naomba hapa nieleweke vizuri, kwa sababu kwa wiki kadhaa nilimweleza kila aliyeuliza kwamba fundi ndiye aliyeharibu. Fundi alinionya. Mimi ndiye niliyesema funga.

Alhamisi ya wiki iliyofuata binti alikuwa anapandisha kutokea Rau. Alisimama juu ya pedeli kuongeza nguvu, cheni ikaruka, miguu ikakosa cha kukanyaga. Akaangukia usukani, kisha barabarani. Nyuma yake kulikuwa na Noah. Dereva aliwahi kusimama. Mtoto alishonwa nyuzi tatu kidevuni. Ile Noah ilisimama umbali gani, kila aliyekuwepo ananionyesha kwa mikono, na mikono ya kila mmoja inakaribiana kuliko ya mwenzake.

Baba yao aliporudi alisema neno moja: iuzwe.

Mimi nilitaka kukubali. Aliyekataa ni mwenye kidevu. Hakubishana na baba yake, aliingia chumbani na baiskeli akafunga mlango, na usiku ule tulilala sisi tukiwa tumenuniwa na mtoto na baiskeli pia.

Kwetu huku watalii wanapita karibu kila siku kwenda kuona maporomoko ya Materuni na kunywa kahawa iliyotwangwa mbele yao. Wengine wanakuja kwa baiskeli. Jirani yetu ana kijana anayewaongoza, na ndiye aliyenipeleka mjini kwa fundi anayezihudumia baiskeli za wageni, zikiwemo zile zinazoingia hifadhini kwa njia ya Kilema. Nilikwenda na binti, plasta kidevuni. Fundi ni mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Tulimwamkia, akaitikia, akaitazama ile kazi ya 35,000 bila kusema neno baya juu ya aliyeifanya. Kisha akaanza kueleza, na alimweleza yeye, si mimi.

Swichi ya gia ukiibonyeza mara moja inavuta waya kiasi fulani, na mkono wa gia unasogea kiasi fulani. SRAM wana hesabu yao ya kuvuta waya na Shimano wana yao. Ukichukua swichi ya huyu na mkono wa yule, ni kama mafundi seremala wawili kwenye ubao mmoja, huyu anapima kwa rula na yule kwa shibiri. Gia ya kwanza inakaribia kukaa sawa. Ya pili inakosea kidogo. Ukifika ya nne au ya tano cheni imekaa kati ya duara mbili, haiko huku wala kule, na zikiwa 12 zimebanana hivyo nafasi ya kukosea ni nyembamba kama kucha. Mtu akisimama juu ya pedeli wakati huo, cheni inatafuta pa kukaa. Ndiyo huko kuruka.

Zaidi ya hapo, ule mkono wa mtumba ulitengenezwa kwa baiskeli ambayo duara lake kubwa la nyuma lina meno kama 28 au 34. Kufika kwenye la meno 50 haukuweza kabisa. Kwa hiyo kwa siku zile chache binti alikuwa anapanda mlima bila gia za mlima, na hakuniambia, kwa sababu alijua nimelipa 35,000.

Nikasema basi, kosa ni la mdogo wangu, angenunua Shimano toka mwanzo. Fundi akacheka.

"Angenunua Shimano ya 12 mngekuwa hapa hapa mama, mnaulizana spea."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumbani tulikuwa tunabishana jina wakati tatizo lilikuwa ngazi. Shimano ya gia 12 nayo ina mambo yake. Mwaka 2018 walileta aina mpya kabisa ya mifereji ya kushikia duara za nyuma, na gurudumu la zamani halizipokei. Kwa upande mwingine, SRAM nao wana gia nane za bei ndogo, ila sisi huku hatuzioni. Tunachokiona ni Shimano za ngazi za chini, Tourney, Altus, Acera. Zinakuja zimefungwa kwenye baiskeli mpya za bei nafuu kutoka China, na zinakuja kwenye mitumba ya Japani na Ulaya. Baiskeli ikichoka inakatwakatwa, na vipande vyake vinaingia kwenye makopo ya mafundi kuanzia Majengo hadi Himo. Spea yetu haitoki dukani, inatoka kwenye baiskeli iliyokufa. Na zinazokufa hapa, nyingi ni Shimano.

Kuhusu kile kipande kinachoshikilia mkono kwenye fremu, fundi alikiita sikio, na alikisemea kwa heshima. Ni cha aluminiamu laini na kazi yake ni kupinda au kukatika ili fremu isivunjike. Ukishakinyoosha kwa nyundo kimeshapoteza nguvu, ni kama waya uliokunjwa mara mbili. Kila kampuni ya fremu ilikuwa na sikio la umbo lake, hadi mwaka 2019 SRAM hao hao walipoleta sikio la aina moja ambalo kampuni nyingine zinaweza kulitumia. Wazo zuri sana. Fremu ya mjomba haikuwa nalo.

Kisha akasema jambo lililomfanya binti ainue kichwa. Alikuwa amelifungua gurudumu la nyuma. Kumbe hizi SRAM za 12 za ngazi ya chini zinakaa kwenye mifereji ile ile ya zamani ya Shimano. Gurudumu la mjomba lingeweza kupokea duara nane za Shimano bila kubadilishwa. Mbele lingebaki lile lile la meno 32. Vya kubadili ni swichi, mkono, duara za nyuma, cheni na waya. Na sikio.

"Ila utapoteza mlima," akamwambia binti. "Nane nitakazokupatia mimi zinaishia meno 34."

Jioni ile binti alichora hesabu kwenye daftari akamwonyesha baba yake. Meno 32 mbele na 50 nyuma, ukizungusha pedeli mara moja gurudumu halifikishi hata robo tatu ya mzunguko, kwa hiyo mguu unakuwa mwepesi. Meno 32 na 34, gurudumu linakaribia mzunguko mzima. Mlima ni ule ule, mguu ni ule ule, mzigo kwenye kila pigo la pedeli unaongezeka karibu nusu. Baba yake alilitazama daftari muda mrefu. Nadhani alikuwa anashangaa zaidi kwamba hesabu za uwiano zina kazi.

Wiki ile mezani kwetu hakukuwa na mazungumzo mengine. Binti alikuwa anasoma kwenye simu yangu na kututangazia kama redio. Shimano ilianzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai, Japani, mji wa wahunzi, maarufu kwa visu, na bidhaa yao ya kwanza ilikuwa friwili. SRAM ilianzishwa Chicago, Marekani, mwaka 1987, na ilianza na swichi ya gia ya kuzungusha kwa kiganja kwenye usukani, kama moto wa pikipiki. Mwaka 1990 mtoto akamshitaki mzee. SRAM walidai kwamba Shimano wanawapa punguzo watengenezaji wa baiskeli wanaochukua seti nzima ya Shimano, kwa hiyo anayetaka kuweka hata kipande kimoja cha SRAM anakosa punguzo lote. Kesi iliisha kwa mapatano nje ya mahakama.

Mama mkwe, ambaye tulidhani anasinzia, akasema hiyo ni kama yule mwenye duka aliyekuwa hauzi sukari mpaka ununue na sabuni. Wazee wa miaka ya themanini hawajasahau.

Sasa nilitakiwa kumwambia mdogo wangu. Nilimpigia WhatsApp nikiwa nyuma ya banda la ng'ombe, ili watoto wasinisikie nikitafuta maneno. Nilimwambia yote, hadi 35,000 na zile nyuzi tatu. Alinyamaza nikadhani mtandao umekatika.

Akasema angeweza kununua mkono mwingine wa SRAM, cheni na sikio. Tulipiga hesabu, vilikuwa zaidi ya laki tatu kwa pesa yetu, na hapo bado kungoja mtu wa kubeba. Watu wengi Moshi wanapata spea za namna hiyo kwenye begi la mgeni anayekuja kupanda mlima. Ni njia nzuri kama mgeni yupo. Binti angekaa mwezi, labda miwili, bila baiskeli, kisha masika mengine yangemkuta na kitu kile kile kisicho na spea. Nikamwuliza kama ataumia tukifunga Shimano kuukuu kwenye baiskeli yake nzuri.

"Dada," akasema, "nilinunua baiskeli niliyoitamani mimi."

Alikuwa anazungumzia Swala ya baba. Wenye umri wetu mnaikumbuka Swala, baiskeli ya Tanzania, ya NABICO. Ilikuwa na gia moja. Baba alikuwa anashuka nayo na mikungu ya ndizi hadi soko la Mbuyuni, na jioni anaisukuma kwa miguu hadi nyumbani, mdogo wangu akiwa nyuma anasukuma kwa kusaidia. Nafikiri aliapa tangu akiwa na miaka minane kwamba atakuja kununua baiskeli inayopanda. Aliinunua. Nilichomkumbusha, na sikutaka kumuumiza, ni kwamba Swala ya baba ilipokatika cheni baba aliiunga mwenyewe njiani kwa msumari na jiwe.

Akacheka, akasema basi nimtumie picha ya sikio.

Uamuzi tulimwachia binti, na nakiri nilitegemea angesema tungoje SRAM. Alikuwa anaipenda ile sahani ya meno 50. Alikuwa anaipangusa kwa mswaki. Alikaa nayo siku mbili, kisha akasema Shimano ya nane. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kile kilima cha mwisho anaweza kushuka akasukuma, ni dakika kumi. Lakini ile siku ya kubeba hataki irudi.

Baba yake akatoa pesa bila kuombwa mara ya pili.

Kutafuta vipande ilikuwa elimu nyingine. Tulitembea mimi na yeye Jumamosi mbili. Duka moja lilituonyesha mkono mpya unaong'aa, bei nzuri ajabu, umeandikwa jina linalofanana na Shimano ila herufi moja imekosea. Binti akaushika, akautikisa, ukacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Akaurudisha mezani na kusema asante. Sijawahi kujisikia fahari vile dukani.

Mwisho tulipata mkono wa Acera na swichi yake ya nane, vyote vimetoka kwenye baiskeli moja ya mtumba iliyopinda fremu. Fundi alisisitiza hilo, vitoke kwenye baiskeli moja, ili tuwe na uhakika vimezoeana. Duara za nyuma, cheni na waya tulinunua vipya. Jumla na ufundi ilikuwa 120,000. Masikio yalikuja mawili, ndani ya bahasha, kwenye begi la mgeni aliyekuja kupanda mlima. Hicho ndicho kitu pekee tulichomwomba mjomba, na alituma mawili ili moja likae akiba. Limefungwa kwa utepe chini ya siti.

Kazi haikufanywa na yule wa mjini peke yake. Binti aliomba ifanyike kwa fundi wetu wa njiapanda, yule mzee ashuke tu kuangalia. Mzee alikubali, akapanda Noah hadi kwetu siku ya Jumapili baada ya ibada, akala mtori, na mchana wote walikuwa watatu chini ya mparachichi, kijana anafunga, binti anashika, mzee anasema "legeza kidogo". Mimi nilipeleka chai na kuomba msamaha kwa kijana kwa maneno niliyokuwa nayasambaza. Alisema, "Mama, yameisha," lakini aliendelea kutazama cheni, kwa hiyo najua hayakuwa yameisha siku ile.

Watu wananiuliza sasa kama mtaalamu, jambo linalonichekesha. Nawaambia wahesabu duara za nyuma kwanza, ndipo wasome jina. Saba au nane, fundi wa karibu atakuwa na cha kufanya. Kumi, 11 au 12, hata jina liwe zuri namna gani, uwe na mtu wa kukuletea vitu, na uwe na subira. Na kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wako umwombe akuonyeshe mkono wa gia wa namna hiyo. Akuonyeshe kwa macho, umguse. "Tutapata tu" siyo spea. Kama mwanao anashindana na nyumbani kwenu kuna mtu anasafiri kila baada ya miezi michache, SRAM ya mjomba ni kitu kizuri sana, siwezi kuisema vibaya. Ilipanda.

Vipande vyake viko kwenye kopo la Blue Band juu ya kabati la binti. Ile sahani ya meno 50 imetundikwa ukutani kwa msumari, karibu na ratiba ya masomo. Anasema akimaliza kidato cha sita atairudisha.

Kilima cha mwisho anashuka anasukuma. Namwona nikiwa kwenye cherehani barazani, kichwa tu kinapita juu ya ua, kinapanda polepole. Wakati mwingine kinapotea nyuma ya migomba na mimi naacha kushona mpaka kitokee upande wa pili.

Jumanne iliyopita hakikutokea kwa muda. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Kisha nikasikia friwili inalia kijiani, akaingia, amechelewa nusu saa tu. Waya wa gia ulikatika kule chini, akanunua mwingine dukani, akaufunga mwenyewe kwenye baraza la duka kwa koleo la kuazima. Mikono ilikuwa myeusi hadi viwikoni na sketi ya shule ilikuwa na mhuri wa cheni kutoka pindo hadi gotini. Sabuni ya unga haikuutoa. Bibi yake anasema nijaribu mafuta ya taa.